Ringi za nguzo zinapofika kwenye slabu

Simama chini ya jengo la ghorofa linaloendelea kujengwa Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, utazame nguzo zake kabla hazijafungwa mbao. Katikati ya nguzo mara nyingi kazi ni safi: ringi, yaani vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo za kusimama, zimepangwa kwa nafasi moja, waya umekazwa, kona zimekaa. Sasa inua macho hadi pale nguzo inapoingia kwenye bimu (boriti ya zege) na slabu (sakafu ya zege). Ringi zinaanza kupungua. Ya mwisho imefungwa mkono mzima chini ya bimu, halafu nondo za kusimama zinapanda zenyewe, wazi, mpaka ghorofa ya juu. Fundi aliyezisuka si mvivu. Sehemu ile ni ngumu kufikika, imejaa nondo za bimu zinazopishana, na huenda hakuna aliyemweleza kwamba pale ndipo nguzo inapozihitaji ringi kuliko popote.

Mabishano saiti huzunguka maswali matatu. Ringi ya kwanza juu ya slabu ianzie wapi? Ya mwisho chini ya slabu iishie wapi? Na ndani ya unene wa slabu na bimu, ziwepo au zisiwepo? Watu wazoefu hutoa majibu tofauti, na mara nyingine wote wako sahihi, kwa kuwa kila mmoja anazungumzia nguzo ya aina yake. Ili kuyafungua maswali haya, tuanze na kazi yenyewe ya ringi.

Chukua spoku ya baiskeli, isimamishe mezani, uibonyeze kwa kiganja. Inapinda mara moja, ingawa chuma chake ni imara. Mwambie mwenzako aishike katikati kwa vidole viwili, ubonyeze tena: safari hii inakaidi. Vidole vile ndivyo ringi. Nondo ya nguzo imebeba mgandamizo, na isiposhikwa mara kwa mara hutoka tumbo kabla haijatumia nguvu zake zote.

Kwa hesabu jambo hili linatisha zaidi. Tuseme nondo ni ya milimita 16 na ringi zipo kila milimita 200. Tukitumia kanuni ya Euler ya kupinda kwa vitu vyembamba vinavyogandamizwa, na kuichukulia kila ringi kama mahali pa kuegemea tu, nondo hiyo ingehitaji mkazo wa karibu niutoni 790 kwa kila milimita ya mraba ndipo ipinde. Chuma chenyewe huanza kulegea kwenye 460 au 500. Kwa hiyo kitafikia kikomo cha nguvu yake kabla ya kupinda, na ndivyo tunavyotaka. Ruka ringi moja sasa, nafasi iwe milimita 400. Mkazo wa kupindisha unashuka hadi karibu 197, chini ya nusu ya uwezo wa chuma ulicholipia. Umbali umeongezeka mara mbili, nguvu imegawanywa kwa nne. Ringi moja tu.

Zege linaloizunguka nondo husaidia kuishika, na ndiyo maana majengo mengi yenye ringi pungufu bado yamesimama. Lakini kava, yaani zege la nje ya ringi, ndilo la kwanza kubanduka nguzo inapozidiwa au inapotikiswa, na likishabanduka nondo inabaki mikononi mwa ringi peke yake. Kuna kazi nyingine pia. Zege likigandamizwa kutoka juu hutanuka kwenda pembeni. Ringi zikilibana, kiini chake huvumilia mzigo mkubwa zaidi na hupasuka polepole. Na nguzo inaposukumwa kwa upande, iwe na upepo, tetemeko au bimu zisizolingana mizigo, ringi ndizo zinazozuia nyufa za mshazari zisiikate.

Kazi zote hizo huwa nzito zaidi kwenye ncha za nguzo. Nguzo ya jengo la fremu hupinda zaidi juu na chini, karibu na slabu, na kwa kawaida katikati ndiko kuna utulivu. Zaidi ya hapo, zege la nguzo linapomwagwa, maji hupanda na kokoto hushuka, hivyo sehemu ya juu kabisa ya kila mmwago huwa dhaifu kidogo kuliko ya chini. Sehemu hiyo ya juu ndiyo iliyo chini ya slabu. Udhaifu wa zege na ukubwa wa nguvu vinakutana mahali pamoja, na hapohapo ndipo tunapokuta ringi zimerukwa.

Kanuni zinasemaje? Wahandisi wengi wa Afrika Mashariki walifundishwa kwa BS 8110, kanuni ya Uingereza ya majengo ya zege. Waingereza wenyewe waliiondoa mwaka 2010 wakahamia Eurocode 2, kanuni ya zege ya Ulaya, lakini michoro mingi huku bado inafuata mazoea yake. BS 8110 inataka nafasi ya ringi isizidi mara 12 ya kipenyo cha nondo ndogo zaidi ya kusimama, na unene wa ringi usipungue robo ya kipenyo cha nondo kubwa zaidi, wala milimita 6. Kwa nondo za 16 nafasi ni milimita 192, toka chini mpaka juu. Eurocode 2 inaonekana kulegeza: mara 20 ya kipenyo, au upande mfupi wa nguzo, au milimita 400, kwa kuchagua kilicho kidogo. Wapo wanaosoma mpaka hapo wakafunga kitabu. Aya inayofuata inasema nafasi hiyo ipunguzwe kwa kuzidishwa na 0.6 katika eneo lililo juu na chini ya kila bimu au slabu, kwa urefu sawa na upande mrefu wa nguzo. Sasa 20 mara 0.6 ni 12. Eurocode haikulegeza kitu karibu na slabu. Ilikubali tu kupumzisha ringi za katikati ya nguzo.

Chukua nguzo ya milimita 230 kwa 400, ile inayopendwa kwa sababu inajificha ndani ya ukuta wa tofali, yenye nondo za 16. Upande mfupi ndio unaotawala: 230 katikati, na milimita 138 ndani ya milimita 400 za juu na za chini. Mchoro ukiandika "ringi kila 200" kwa nguzo nzima, umekidhi katikati na umefeli kwenye ncha. Hilo ni kosa la mhandisi, na fundi asilaumiwe kwa hilo.

Kuhusu mahali hasa pa ringi ya kwanza na ya mwisho, ACI 318, kanuni ya zege ya Marekani, ndiyo inayosema waziwazi. Ringi ya chini isiwe juu ya slabu au msingi kwa zaidi ya nusu ya nafasi ya kawaida. Ya juu isiwe chini kwa zaidi ya nusu ya nafasi hiyo ikipimwa kutoka nondo ya chini kabisa ya slabu iliyo juu. Angalia unapimia wapi: kipimo kinaanza kwenye nondo ya slabu, si kwenye uso wa juu wa zege wala kwenye tako la bimu. Kama slabu imeongezwa unene kuizunguka nguzo, pima kutoka nondo ya chini ya unene huo. Nafasi ikiwa milimita 200, ringi ya kwanza na ya mwisho ziwe ndani ya milimita 100. Wahandisi wengi huandika 50 kwenye michoro ili kuondoa mjadala, nami naona wanafanya vyema.

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa unapozaliwa. Fundi anauliza: kuna bimu ya kina cha milimita 450, je, ringi ziishie chini ya bimu au zipande hadi chini ya slabu? Kwa mujibu wa ACI, ringi zinaruhusiwa kuishia chini ya bimu pale tu ambapo bimu zimeikamata nguzo pande zote nne, na hata hapo ya mwisho isiwe zaidi ya milimita 75 chini ya nondo za chini za bimu yenye kina kifupi kuliko zote. Kama bimu zipo pande tatu, mbili au moja, kipimo kinarudi kwenye slabu. Maana yake ringi zinaendelea kupanda ndani ya kina cha bimu, zikipenya katikati ya nondo zake. Hesabu nguzo za jengo la kawaida la mraba lenye nguzo tatu kwa tatu: tisa kwa jumla. Moja tu ya katikati ndiyo yenye bimu pande nne. Nane zilizobaki ni za pembeni na za kona. Ruhusa inayodhaniwa kuwa kanuni ni ya nguzo moja kati ya tisa.

Kwa nini pande nne? Kwa sababu bimu au slabu inayoizunguka nguzo yote hulibana zege la makutano kutoka kila upande, ikafanya sehemu ya kazi ya ringi. Upande mmoja ukiwa wazi, zege lina njia ya kutokea. Nguzo ya kona ina pande mbili wazi. Hata bimu yenyewe lazima iwe na upana wa kutosha. Nyembamba inayogusa nusu tu ya uso wa nguzo haiwezi kusemwa kwamba imeubana uso huo. Pale ambapo hakuna bimu kabisa, slabu bapa juu ya nguzo, hoja ni ileile: ikiizunguka nguzo pande nne unaweza kusimamisha ringi chini yake na kuanza tena juu, lakini kwenye ukingo wa jengo ringi zipite ndani ya unene wa slabu bila kukatika.

Ndani ya makutano ya bimu na nguzo kuna jambo zaidi ya kuzuia nondo zisipinde. Fikiria nguzo ya pembeni. Mzigo wa sakafu unainamisha bimu: nondo zake za juu zinaivuta nguzo kuelekea ndani ya jengo, na zege la chini ya bimu linaisukuma kuelekea nje. Kipande kile cha nguzo kilichobanwa kati ya nguvu hizo mbili kinakatwa kwa mshazari. Bila ringi za mlalo, ufa ukianza hakuna cha kuushona. Ndiyo sababu ACI inadai, kwenye makutano yasiyobanwa, angalau tabaka mbili za ringi ndani ya bimu yenye kina kifupi kuliko zote, na nafasi isiyozidi milimita 200 ndani ya bimu yenye kina kirefu kuliko zote. Kwa bimu ya milimita 450, ringi tatu ndani ya makutano ni idadi ambayo mhandisi hatajuta kuiandika. Ghorofa ya juu kabisa inataka uangalifu zaidi: hakuna nguzo inayoendelea juu ili kuyakandamiza makutano, na nondo za nguzo hukunjwa ndani ya bimu ya paa. Makutano ya kona za paa ndiyo ningeyakagua ya kwanza.

Basi ringi hizo zinaingizwaje? Hili ndilo swali la fundi, na linastahili jibu la vitendo kuliko hotuba. Utaratibu wa kawaida ni kumwaga nguzo mpaka chini ya bimu, kusimamisha mirunda, kupiga mbao za bimu na slabu, kisha kusuka bimu ndani ya mbao. Nondo za bimu zikishapita kati ya nondo za nguzo, ringi iliyofungwa haiwezi tena kushushwa kutoka juu ikafika mahali pake. Imechelewa. Njia rahisi ni kuivisha nguzo ringi zote za makutano kabla ya bimu kusukwa, zikae zimelundikana chini kabisa. Bimu isukwe ikiwa imeinuliwa juu ya vipande vya mbao, usawa wa kiuno. Kadiri inavyoshushwa, ringi zinapandishwa moja moja hadi kwenye alama yake na kufungwa kwa waya. Alama zichorwe kwa chaki kwenye nondo za nguzo kabla ya yote, kwa sababu baadaye hakuna atakayeona vizuri kupima.

Njia nyingine ni kuacha ubao wa pembeni wa bimu bila kuupiga mpaka makutano yakamilike, ili mkono uingie. Nguzo za pembeni zinaruhusu hili vizuri, na ndizo zenye uhitaji. Ya tatu ni ringi ya vipande viwili vya umbo la U vinavyoingizwa kutoka pande mbili na kupishana. Inafaa nondo zinapokuwa nyingi kupita kiasi, lakini urefu wa kupishana lazima utoke kwa mhandisi. U mbili zilizogusana ncha tu hazishiki kitu. Msongamano ukizidi, zungumza mapema pia kuhusu kokoto: zege la kokoto ndogo za milimita 10 hupita mahali ambapo za 20 hukwama, na vaibreta (mashine ya kutikisa zege lishikamane) yenye kichwa chembamba iwepo saiti tangu asubuhi.

Ndoano za ringi nazo zisifanywe kwa mazoea. Ringi nyingi hufungwa kwa kona ya digrii 90, ncha zikiwa ndani ya kava. Siku kava likibanduka, ndoano hiyo inafunguka na ringi haina kazi tena. Kunja digrii 135, ncha iingie kwenye kiini cha nguzo. Eurocode 2 inataka ncha ya ndoano kama hiyo iwe na urefu wa mara 5 ya kipenyo cha ringi na isipungue milimita 50. Kwa ringi ya milimita 8, hiyo 50 ndiyo inayotawala. Ukipanda juu, zungusha ndoano kutoka kona hadi kona. Na nguzo yenye nondo sita au nane isitegemee ringi ya nje peke yake: nondo iliyo mbali kwa zaidi ya milimita 150 na nondo iliyoshikwa na kona ya ringi inahitaji ringi ya ndani au ndoano yake yenyewe.

Juu ya slabu kuna tatizo jingine, la kuhama kwa stata, yaani nondo zinazochomoza juu ya slabu ili nguzo inayofuata iungwe nazo. Zege la slabu limemwagwa, stata zimesukumwa na watu na toroli, na asubuhi yake nguzo mpya haikai juu ya ya chini. Anatafutwa mtu mwenye bomba, nondo zinapindwa mpaka zirudi kwenye mstari. Mpindo huo una gharama. ACI inakubali mteremko usiozidi 1 kwa 6, na kama nyuso za nguzo zimepishana kwa milimita 75 au zaidi hairuhusu kupinda kabisa. Zinawekwa stata tofauti. Hata ndani ya kikomo hicho, nondo iliyopinda inaposukumwa chini hutaka kunyooka kwa kutokea pembeni. Nondo ya 16 yenye mkazo wa niutoni 400 kwa milimita ya mraba imebeba kama kiloniutoni 80. Moja ya sita yake ni zaidi ya 13, sawa na uzito wa zaidi ya tani moja na robo ukisukuma kwa upande, kwa kila nondo. Kanuni inataka uzidishe kwa moja na nusu, uweke ringi za kubeba nguvu hiyo, tena zisiwe mbali kwa zaidi ya milimita 150 kutoka kwenye mpindo. Mguu mmoja wa ringi ya chuma laini ya milimita 8 unabeba kama kiloniutoni 12 na nusu tu. Kwa hiyo mpindo mmoja unadai angalau ringi mbili zake, mbali na zile za kawaida. Ni nafuu zaidi kuzifunga stata kwa ringi mbili au tatu juu ya slabu kabla ya kumwaga, zisihame kabisa.

Palepale ndipo nondo za nguzo mpya zinapopishana na stata, na kwa nondo nene kuliko milimita 14 Eurocode 2 inataka nafasi ya ringi ipunguzwe kwa 0.6 katika eneo hilo pia, na ringi zisipungue tatu kwenye urefu wa mpishano. Ringi ya kwanza ipimwe kutoka kwenye slabu yenyewe, si kutoka juu ya kile kisiki kidogo cha zege kinachomwagwa kushikia mbao za nguzo.

Wapo wanaosema kanuni hizi ni za nchi za matetemeko. Mwaka 1971, tarehe 9 Februari, tetemeko la San Fernando huko California lilipiga hospitali mpya ya Olive View. Nguzo zilizofungwa kwa chuma cha mviringo kinachozunguka kwa ukaribu ziliyumba vibaya lakini zikaendelea kubeba jengo. Nguzo za kona zenye ringi za kawaida zilizoachana zilisagika. Picha zake zilibadilisha mafunzo ya uhandisi duniani. Nasi tunakaa juu ya Bonde la Ufa. Rukwa ilitikiswa mwaka 1910, Subukia nchini Kenya 1928, Ziwa Tanganyika 2005, na Bukoba tarehe 10 Septemba 2016 kwa ukubwa wa 5.9. Eurocode 8, inayohusu matetemeko, inakaza zaidi kwenye ncha za nguzo: kwa jengo la daraja la kati la uwezo wa kunepa bila kuvunjika, nafasi isizidi mara 8 ya kipenyo cha nondo, milimita 175, wala nusu ya upana wa kiini. Kwa nondo za 16, hiyo mara 8 ni milimita 128. Ukiwa Kagera, Mbeya au Nakuru, muulize mhandisi wako kama amelifikiria hilo.

Kwa mwenye nyumba asiye fundi, ukaguzi huu unawezekana kwa futi kamba. Nenda asubuhi ya siku ya kumwaga, kabla ya mashine ya zege kuwashwa. Chagua nguzo za kona kwanza. Pima kutoka nondo ya chini ya slabu hadi ringi iliyo karibu nayo, kisha ingiza mkono ndani ya bimu uhesabu ringi za makutano. Piga picha kila makutano, futi kamba ikionekana. Picha hizo zitunze, kwa sababu baada ya zege kuna vifaa vya kutafuta nondo ukutani, lakini kwenye makutano nondo za bimu zimesongamana kiasi kwamba kifaa hushindwa kutenganisha ringi na vingine. Na ringi iliyosahaulika hapo hairudishwi kwa plasta: ni kuvunja, au kuivisha nguzo koti la chuma au la zege, kazi inayogharimu mara nyingi zaidi ya kipande cha nondo ya milimita 8 chenye urefu wa mita moja na nusu.